Msumeno wa Deolinda

Mkataba wetu hauna karatasi:
saa tano za kazi, siku tano za juma,
nasi tunapewa chumba juu ya zizi la kondoo,
supu ya kabichi, mkate mweusi,
na dirisha linalofunguka nusu.
Kwa nusu hiyo tunauona mlima wote.

Deolinda ana miaka sabini na tisa.
Huhesabu mayai kwa sauti kila asubuhi.
Si kwamba anatushuku, ni mazoea tu,
tangu wanawe watatu wapande basi la Ufaransa
na kijiji kibaki na dohani saba zitoazo moshi.
Za nane ni zetu, siku kuni zikiwa kavu.

Novemba hii tunavuna zeituni.
Tunatandaza nyavu, tunapiga matawi kwa fito,
nazo zinaingia kolani, viatuni, masikioni;
moja niliikuta usiku ndani ya sidiria,
Ovidiu akacheka hadi kondoo wakaitikia chini.

Mama yake alipiga simu toka Ureno ya mbali,
yaani toka Rumania, ambako kila kwingine ni mbali.
"Mnalipwa kiasi gani?"
"Tunalipwa kitanda, mama."
"Kitanda mlikuwa nacho."
Ovidiu akanyamaza. Ni kweli, tulikuwa nacho,
pamoja na kodi iliyotuamsha saa tisa za usiku
tukalala macho, mgongo kwa mgongo, tukipiga hesabu.

Halafu Jumanne akasahau kufunga lango.
Kondoo kumi na mmoja wakaingia kwa Albertino,
wakamwachia mashina ya kabichi na samadi.
Nami nikamwambia Ovidiu jambo la lango,
na baada ya lango, jambo la mwaka juzi.
Tuligombana kwa kunong'ona,
maana ukuta wetu ni ukuta wa Deolinda.
Ugomvi wa kunong'ona ni mbaya kuliko wa kelele:
unapata muda wa kuchagua neno.

Asubuhi chumvi haikupita mezani.
Lugha ya Deolinda tunajua maneno thelathini,
yetu yeye hajui hata moja.
Alivitazama vikombe viwili, kimoja huku, kimoja kule,
akaenda stoo, akarudi na msumeno mrefu,
mpini kila upande, meno kama ya mamba mzee.
Akatuonyesha gogo la mwaloni.

Tukaanza. Nasukuma, anasukuma,
bati likapinda katikati, likalia
sauti ya paka aliyekanyagwa mkia.
Deolinda akanisogeza kwa nyonga yake,
akashika mpini, akavuta,
kisha akalegeza vidole, akangoja.
Akavuta tena. Akangoja tena.
"Vuta," akasema kwa lugha yake,
neno letu la thelathini na moja.
La kusukuma hakutufundisha.

Msumeno hukata mbele na nyuma, ndivyo isemwavyo.
Haikusemwa kwamba mbele yangu
ndiyo nyuma ya mwenzangu,
na kwamba kazi yangu, nusu ya muda wote,
ni kumwachia.

Hatukuombana radhi.
Unga wa mbao ulituingia kwenye nyusi,
tukakata gogo la kwanza, la pili,
la tatu hakuna aliyetuagiza.
Saa tano zilikuwa zimekwisha zamani,
Deolinda akatuitia supu, akaongeza soseji,
akahesabu vipande vya kuni kwa sauti, kama mayai.

Sasa ni usiku. Mwaloni unawaka upande wake wa ukuta,
joto linapenya kwetu kidogo kidogo.
Kesho ni mapumziko, hakuna wa kutuamsha.
Ovidiu amevaa viatu mara mbili
akashuka na tochi gizani
kwenda kulitazama lango.
Mara ya pili nilimfuata.